Kamba wa Mkwe Wangu

Mtoto wa kamba akizaliwa hafikii hata kipande cha ukucha. Ni kama kipande cha uzi chenye macho. Ukiwa na haraka humwoni, na watu wa mjini wana haraka, ndiyo maana katika nyumba ya binti yangu huko Njiro, Arusha mjini, wa kwanza kuwaona nilikuwa mimi, bibi niliyeishia darasa la nne.

Nilikuwa nimeshushwa kutoka nyumbani, juu mlimani, upande wa Meru unaotazama machweo. Niliteleza nikitoka kukata majani ya ng'ombe, nyonga ikavunjika, hospitali wakaitengeneza, na binti yangu akasema, "Mama, hurudi mlimani mpaka utembee bila kushikwa." Basi nikakaa. Nyumba nzuri, ina ukuta na geti, maji yanatoka ndani. Lakini kila nikinyoosha mkono nifanye kitu naambiwa, "Mama, kaa." Kuchambua mchele, kaa. Kukunja nguo, kaa. Mtu niliyekamua ng'ombe tangu utotoni, leo nimeketishwa kama mgeni wa harusi.

Sasa kuna jambo la kwetu lazima nilieleze. Sisi Waarusha, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kupishana. Hatuli pamoja. Hatugusani. Watoto wote wakiniamkia huinamisha kichwa nikiguse, ila yeye huamkia kutoka mlangoni, macho chini. Majina ya watu ninayo yote kichwani, hata ya wale niliopata nao kipaimara, waliokufa na walio hai. Lakini jina la mkwe wangu halijawahi kutoka kinywani mwangu. Alipooa alinipa kondoo jike, na tangu siku hiyo mimi humwita Paker, naye huniita Paker, yaani mtu tuliyepeana kondoo. Inatosha. Wengi mjini wameyaacha haya. Sisi wawili hatujayaacha, ingawa yeye amesoma hadi chuo.

Taabu ni kwamba kwa nyonga ile sikuweza kumpisha. Akirudi jioni anakohoa barazani ili niondoke sebuleni. Anakohoa, nami natafuta fimbo. Anakohoa tena, nami bado natafuta kiatu. Binti yangu akacheka jikoni, "Mama, mume wangu ataandikiwa dawa za kifua bure!" Ndipo nikaamua kwamba akikohoa, sitanyanyuka, nitageuzia uso ukutani. Na upande huo ndiko lilikokuwa tangi lake la kioo.

Nilikuwa nimeliona, nikadhani ni pambo tu. Ndani mlikuwa na majani ya majini, jiwe jeusi la mlimani, na kamba wadogo wekundu kama pilipili zilizoota miguu. Nilianza kuwatazama kwa adabu, ili nisimtazame mkwe. Haikuchukua muda nikawa nawatazama hata akiwa kazini. Wanakula kutwa, mikono haitulii, utadhani wanawake wanaopukuchua maharage huku wakisengenya.

Jioni moja niliona mmoja amelala chini, mweupe, mtupu. Nikaliambia tangi, kwa sauti, "Jamani, mwenzenu amekufa na hakuna hata anayemzika?"

Kutoka mlangoni sauti ikajibu, nayo ikaliambia tangi, "Mwambieni Paker asisikitike. Hilo ni ganda tu. Kamba akikua huvua nguo ya zamani."

"Kumbe kamba wana masikio!" akasema binti yangu.

Ndivyo tulivyoanza kuzungumza. Yeye aliwaambia kamba, nami niliwajibu kamba. Kwa njia hiyo nilifundishwa kwamba wadudu hawa hawapendi mabadiliko. Maji ya bomba la pale yana magadi, yaleyale yaliyotupaka meno rangi ya chai, kwa hiyo walipewa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, yakidondoka tone kwa tone kwenye mpira mwembamba. "Mwambieni Paker msiharakishwe," anasema mkwe. "Mwambieni hata mgonjwa hunyweshwa kwa kijiko," najibu mimi. Mwishowe nikapewa kazi ya kuwalisha. Binti alileta mchicha kutoka soko la Kwa Mrombo, nauchemsha mpaka ulegee, nawapa kipande kidogo sana. Nikaagiza na jani kavu la mgomba kutoka shambani kwangu, wakalipanda kama watoto wanavyopanda trela. Nikisogeza kiti tu, wanakuja kwenye kioo. Hawakumjia mwingine hivyo. Nilisema hilo kwa kila mgeni, na nalisema hata sasa.

Ng'ombe wangu alibaki mlimani kwa jirani, na Jumamosi mkwe alikuwa akipanda kumwangalia. Mtu wa ofisi, anakunja mikono ya shati, na kupe wakizidi anabeba bomba la dawa mgongoni, anampulizia mwenyewe. Nionyeshe mwenye mkwe kama huyo. Akirudi, kabla hata ya kuvua viatu, anapita kwenye tangi kurekebisha majani.

Jumamosi moja, baada ya yeye kupita, kamba waliingiwa na wazimu. Walijigonga kwenye kioo, wakazunguka, wakaanguka chali miguu ikitetemeka. Kulipokucha chini kulikuwa kwekundu. Mkwe alimwaga maji, akaleta mengine ya mvua, akasema labda bati lilikuwa na uchafu. Binti akasema polepole, akidhani sisikii, "Au ni ule mchicha wa Mama?"

Nilisikia vizuri. Nikajua kwamba kazi yangu moja katika nyumba ile iko hatarini.

Walisalia wachache waliokuwa wamejificha kwenye majani. Siku zikapita, na mmoja wao, mnene, akaanza kubeba mayai chini ya mkia, kundi la mbegu za kijani kama za nyanya mshumaa changa, akiyapepea bila kupumzika. Mkwe alisimama mlangoni, akawaambia kamba, "Mwambieni Paker, waliobaki wote ni madume. Huyu mama akifa, ukoo umekwisha."

Nikamlinda. Mchicha niliuosha mpaka binti akalalamika maji yanaisha. Nilikaa mbele ya kioo kile kama mkunga.

Kisha ikaja Jumamosi nyingine. Mkwe akarudi kutoka mlimani, akakohoa, nami nikageuza uso. Mpira unaopeleka hewa kwenye tangi ulikuwa umechomoka, mapovu yamekoma, naye akauona kutoka mlangoni. Akaja moja kwa moja. Ndipo harufu ikanifikia. Harufu ile naijua kuliko marashi. Nimeishi nayo zizini miaka yote. Ni dawa ya kupe. Na ndiyo harufu iliyokuwa sebuleni Jumamosi ile ya wazimu.

Katika kioo niliona mkono wake unashuka.

"Paker!" nikasema.

"Naam, Paker," akajibu kwa adabu, akidhani namsalimia. Mkono unazidi kushuka.

Nikaudaka. Nikamkamata mkwe wangu kifundo cha mkono, vidole vyake vikiwa juu tu ya maji.

"Mama!" Binti yangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mwiko unadondosha mchuzi sakafuni. Hakuna aliyesogea. Mimi mwenyewe sikujua niuachie vipi.

"Unanuka dawa ya kupe," nikasema, macho bado kwenye kioo. "Na siku ile ulinuka hivi hivi."

Akasema chinichini, "Waambieni kamba, niliyewaua wenzao ni mimi."

"Nao wamwambie baba yao," nikajibu, "aliwaua akitoka kumtibu ng'ombe wangu. Kwa hilo hapigwi mtu fimbo."

Alinawa hadi viwikoni, akaenda kwenye gari, akarudi na chupa ya dawa, akitusomea maandishi yake kutoka barazani. Yalikataza dawa hiyo kumwagwa mtoni. "Kupe na kamba ni ukoo mmoja, Paker," akasema. "Kinachomuua huyu kinamuua na yule."

"Basi kamba wana ndugu wabaya," nikasema, na binti yangu akacheka mpaka akakaa chini. Baadaye alikuja kuniambia, "Mama, na mchicha nao samahani." Nikamwambia aende akafute mchuzi wake.

Lakini nilikuwa nimemgusa mkwe. Nikampigia simu kaka yangu mkubwa, aniambie mila inasemaje.

"Ulimshika kwa hasira?" akauliza.

"Kwa kuokoa."

"Kumwokoa nani?"

"Kamba."

"Kamba yupi?" Nilipomweleza, alicheka hadi akapaliwa. "Peaneni kitu," akasema, "yaishe."

Tangu siku hiyo beseni na sabuni vilikaa mlangoni mwa sebule, na hata mchungaji alipokuja kuniombea alinawa kwanza. Mayai yakaanza kuonyesha macho, vidoa viwili viwili vyeusi. Asubuhi moja mama yule alipita mbele yangu mkia mtupu, nikaegemea kioo mpaka pua ikakigusa. Juu ya jani la mgomba kulikuwa na nyuzi zenye macho, nazo tayari zinapukuchua maharage.

"Paker! Paker, njoo!"

Alitoka bafuni na povu la kunyolea kidevuni. Alisahau kukohoa, nami nikasahau kugeuka. Tukainama wote wawili mbele ya tangi, na binti yangu akajipenyeza katikati. "Nipisheni nikae hapa, msije mkanitia aibu kwa ukoo."

"Hawa, mama na wanawe, ni wako," mkwe akasema, safari hii si kwa kamba. "Ndicho kitu tunachopeana."

Basi kondoo akastaafu. Sasa ananiita Pakamba, nami namwita Pakamba, na kaka yangu amesema hajasikia sheria inayokataza.

Leo natembea kwa fimbo moja na nimerudi mlimani. Tangi nalo lilipanda, limepakatwa na binti yangu kwenye gari. Liko chumbani, na maji yake ni ya bati langu. Majirani wanakuja. Mmoja aliniuliza, "Wanaliwa?" Nikasema hawaliwi. "Wanakamuliwa?" Nikamwambia aache utani. "Sasa kazi yao nini?" Nikamwambia, "Wanazaa. Wewe mara ya mwisho ulizaa lini?"

Jumamosi mkwe bado anakuja kumpulizia ng'ombe. Akimaliza haingii ndani. Anasimama nje ya dirisha, mikono nyuma kama mwanafunzi mstarini, anakohoa. Nami nageuza uso kwenye kioo.

"Pakamba, wenye mayai wangapi leo?"

"Chungulia uhesabu mwenyewe," namwambia. "Ila mikono iache huko huko nje."