Mchanga wa Kwenda Musoma

Mume wangu aliugua kisukari na aliiba sukari. Nayaandika yote mawili kwa sababu waliokuja kumzika walisema lile la kwanza tu.

Miaka michache baada ya Uhuru, shemeji yake alifariki huko Musoma, yule aliyemwoa dada yake mkubwa. Ilibidi tuvuke ziwa kwa meli tukakae matanga wiki nne. Musoma ilikuwa nchi nyingine, ingawa samaki ni wale wale. Hospitali ilitupatia chupa tatu za insulini, na muuguzi akaniambia mimi, si mgonjwa, "Mama, dawa hii haitaki joto. Ikiharibika, huyu naye ataharibika." Friji sisi wa mtaa wa Manyatta tuliiona dukani tu. Akanifundisha: jaza mchanga kwenye chungu, fukia katikati mkebe wenye chupa, umwagie maji asubuhi na jioni.

Bandarini Kisumu, ofisa alikitazama chungu changu.

"Mama, ndani kuna nini?"

"Mchanga," nikasema.

"Mchanga wa kwenda wapi? Kwani Musoma hakuna mchanga?"

Mume wangu akadakia, "Upo, bwana, lakini huu tumeuzoea."

Ofisa akatia vidole, akatoa mkebe, akaona chupa na sindano. "Mgonjwa ni nani?"

"Ni huyo anayecheka," nikasema. Akatupisha.

Mtu akishadungwa dawa ile hapaswi kuchelewa kula, na kwenye matanga chakula huja kinapokuja. Kwa hiyo siku ya kwanza mume wangu alimwambia dada yake, "Daktari amesema nisingojeshwe." Hiyo ilikuwa kweli. Siku ya pili daktari akawa amesema samaki ngege mbichi, si wa kukaushwa. Siku ya tatu daktari akawa amesema maini ya mbuzi.

Mzee mmoja jirani aliyeyangoja maini hayo hayo akasema, "Huyo daktari akija Musoma mniite. Na mimi nina ugonjwa wa maini."

Nilijua daktari hakusema. Nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa napewa yaliyobaki.

Wiki ya tatu nilitoka ziwani kufua, nikakuta chungu changu kimeoshwa, kimefudikizwa juani. Mchanga ulikuwa umemwagwa kwenye shina la mgomba. Kwa watu wetu chombo cha mgeni hakirudi kwao kitupu, na wifi yangu alikuwa amekiandaa mapema akijaze samaki wa kukausha.

"Wifi, mkebe uko wapi?"

"Usiwe na hofu. Nimeuweka mahali salama kuliko pote." Akaonyesha juu.

Katika majiko yetu mahali salama kuliko pote ni uchaga ulio juu ya moto. Hapo ndipo mbegu za mahindi hukaa, panya hawapandi wala wadudu hawali. Chini yake sufuria la matanga lilikuwa likichemka tangu asubuhi. Mkebe niliushusha kwa kitambaa, kama anayeshika kiazi kilichotoka kwenye majivu. Ndani mlikuwa na chupa mbili, na meli yetu ilikuwa bado siku kumi.

Zahanati ya karibu haikuwa na dawa ile. Hospitali ya mjini mume wangu aliikataa. "Wakinilaza, nani atamlilia shemeji?" Nadhani alikuwa akifikiria maini.

Nikarudisha mchanga na mkebe kwenye chungu, nikaendelea kumdunga, maana sikuwa na kingine. Lakini nitajuaje kama dawa bado inafanya kazi? Wazee wetu waliujua ugonjwa huu kwa sisimizi, ambao hufuata mkojo wenye sukari. Kila asubuhi nilimtuma mume wangu akakojoe kwenye jiwe bapa nyuma ya ghala, kisha mimi na wifi tukaenda kuchuchumaa pale, mjane wa wiki tatu na mke wa mtu, tukingoja wadudu.

"Yule anakuja," nilikuwa nikisema.

"Huyo anapita tu," wifi akijibu.

Siku ya tatu walikuja kwa mstari, kama watu waliopigiwa kengele. Wifi akaangua kilio, "Nimemuua ndugu yangu!" Wanawake waliokuwa ndani wakasikia kilio, nao hawakuuliza. Wakatoka wakilia, mikono kichwani, kama desturi inavyotaka. Mume wangu akatoka nyuma yao.

"Nani amekufa?"

"Wewe!" wifi akasema.

Akatazama jiwe. Akatazama sisimizi. Nikamwona anaona haya, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu tuoane.

"Dada, nyamaza. Si mkebe wako. Ni chai. Jikoni wananitilia vijiko vitatu."

"Nani aliwaambia wakutilie?"

"Daktari," akasema kwa sauti ndogo.

Wifi akanyamaza papo hapo, akavua ndala. Alimfukuza kuzunguka ghala mara mbili, na waliokuwa wakilia wakakaa chini kwa kicheko. Tangu hapo alimlinda kama mahindi shambani, na chai yake aliimimina mwenyewe. Siku ya pili ya ulinzi huo walikuja sisimizi wachache. Siku ya tatu hawakuja.

Sijui kama chupa zilipona au wadudu walichoka, wala simshauri mtu. Tuliporudi Kisumu muuguzi alizitupa, akatupatia nyingine, akanigombeza mimi. Mume wangu alisimama nyuma yangu, ananukia samaki wa kukausha aliopewa na dada yake, akitikisa kichwa kwa masikitiko kama vile kosa ni langu.

Aliishi miaka tisa zaidi. Tulipomzika, wifi alivuka ziwa. Jioni, watu walipopungua, akasimama kwenye kona ya chumba, mbele ya chungu changu cha mchanga, kilichokuwa kimekauka.

"Wifi, sasa naweza?"

"Mwaga," nikamwambia.

Akautoa mchanga nyuma ya nyumba. Tukachuchumaa kuutazama, bila kuambiana. Baada ya kitambo akatokea sisimizi mmoja.

"Huyo anapita tu," wifi akasema.

Akaenda kuosha chungu. Samaki wa kukijaza alikuwa amekuja nao.