Karatasi za Meza ya Jumamosi

Wanafunzi walimpa jina la Transfoma kwa sababu alikuwa akivuma. Akipanga vifaa mezani, akisahihisha madaftari, hata akimsikiliza mkuu wa shule akitoa nasaha, koo lake lilitoa mvumo mdogo usio na wimbo, na mwenyewe hakuwa na habari. Mimi nafundisha kemia chumba cha pili, stoo yetu ni moja, kwa hiyo nilijua yuko kazini kabla sijamwona. Nasema hivi mapema mjue kwamba sisimulii habari za kusikia. Na mkiona nina hasira, hamjakosea, ninazo.

Alikuwa mwalimu wa fizikia, mjane, mama wa binti mmoja aliyeolewa mbali. Jambo alilolitaka duniani lilikuwa moja tu, kwamba mwanafunzi wa shule isiyo na maabara afanye jaribio kwa mikono yake sawasawa na yule wa shule yenye masinki na mitungi ya gesi. Basi. Wenzake walitaka nyumba za ghorofa, yeye akawa anaokota. Spika mbovu alizivunja akatoa sumaku, miwani iliyokatika mguu aliing'oa lenzi, makopo ya rangi aliyaosha na kuyapanga. Stoo ilijaa mpaka asidi zangu zikakosa pa kukaa. Tuligombana, tukapatana, tukagombana tena.

Kila Jumamosi mchana walimu wa fizikia wa shule za jirani walikuja kwenye maabara yake wakazunguka meza moja ndefu. Kila mmoja alileta jaribio alilolibuni au alilolipata mahali, limeandikwa kwenye karatasi. Halikukubaliwa kwa maneno matamu. Mwalimu mwingine alipewa karatasi na vifaa, akaambiwa haya, tengeneza, huku mwenye jaribio amekaa pembeni, marufuku kufungua mdomo. Aliyetengeneza akikwama, hakuna aliyemcheka. Kosa lilikuwa la karatasi, na karatasi iliandikwa upya mpaka mtu asiyejua lolote aweze kuifuata. Ikishapita inaingia kwenye sanduku, ya zamani imebanwa nyuma yake, na yeyote ana ruhusa ya kutoa kopi. Majina hayakuandikwa. Transfoma aliyakataa kabisa, akisema karatasi ikishapita mikono ya watu wote wale haijulikani tena mama yake ni nani. Lakini tusidanganyane, zaidi ya nusu ya sanduku lile lilitoka kichwani mwake.

Sasa nimlete Mtanashati. Tulimwita hivyo kwa ajili ya mashati yake, yaliyopigwa pasi mpaka ungedhani yangeweza kusimama yenyewe. Alipoanza kazi shule ya jirani alijua kanuni zote kwa kichwa, ila ukimpa waya na betri anatokwa jasho. Transfoma alimchukua. Alimwita mdogo wangu, naye akamwita Dada, na haikuwa ya mdomoni tu. Kijana alikula kwa Dada mara nyingi kuliko kwake mwenyewe. Mume wa Transfoma alipofariki, Mtanashati ndiye aliyesimama mlangoni kupokea watu kama ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo siwezi kusema alikuwa mbaya tangu mwanzo. Ingekuwa nafuu.

Jumamosi moja Mtanashati alisema karatasi zimeanza kuchakaa, wino unafifia, nyingine zimeliwa na unyevu. Yeye ana kompyuta. Angezichapa zote, kila shule ipate nakala safi. Transfoma alifurahi kupita kiasi. Alimkabidhi sanduku zima, akamsindikiza hadi getini akimsisitizia asilikalishe karibu na dirisha, mvua isije ikaingia. Aliporudi nilimuuliza kama amebaki na kopi.

"Za nini?" alisema. "Si yuko mdogo wangu."

Baada ya hapo kijana akaingia mitini. Mara printa imeharibika, mara shemeji anaumwa, mara simu inaita haipokelewi. Wenzake mezani walianza kuguna. Transfoma alimtetea, akasema kazi ya kuchapa ni ngumu na kijana wa watu amejitolea, tumwache apumue.

Kisha mkuu wa shule akaingia chumba cha walimu na kitabu kipya cha majaribio ya fizikia, kilichoidhinishwa kwa shule zote. Alikiweka mbele ya Transfoma kwa furaha kabisa, maana hakujua. Niliinama kutazama. Kwenye jalada palikuwa na jina la Mtanashati peke yake, na nyuma picha yake, shati limenyooka. Ndani yalikuwa majaribio ya sanduku, moja baada ya jingine. Kwenye jaribio la joto alikuwa ameichora hata sufuria ya Transfoma yenye bonde ubavuni. Ukurasa wa mwanzo ulikataza mtu yeyote kutoa kopi ya sehemu yoyote. Mkuu wa shule aliongeza kwamba kuanzia sasa zile karatasi za zamani zisitumike darasani, hataki kesi na wenye kitabu.

Transfoma alifungua ukurasa, akafunga, akafungua tena. Hakuvuma. Alisema lazima wachapaji wamesahau kitu, akatoka nje kupiga simu.

Mtanashati alikuja wiki hiyohiyo baada ya vipindi, tukakaa stoo. Mimi sikuondoka na hakuna aliyethubutu kuniondoa.

"Mdogo wangu, nisaidie kuelewa," Transfoma alisema. "Mimi ni mtu mzima, huenda sikuona vizuri. Meza umeitaja ukurasa gani?"

Alijieleza kwa kirefu. Michoro aliichora yeye, usiku hakulala, ofisi alizozungukia hazina idadi, na wenye kampuni walitaka mtunzi mmoja kwa sababu meza haisaini mkataba. Alipoona Transfoma anamtazama tu, akafika alikokuwa anakwenda.

"Dada, zile karatasi hazikuwa na jina la mtu. Na zingekaa kwenye sanduku mpaka mchwa wazimalize."

"Hazikuwa na jina kwa sababu nilikuwa nawaamini."

Nilimwambia Mtanashati maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Transfoma alinizuia kwa mkono, akafungua kitabu mahali pa mota, ile ya betri, sumaku na koili ya waya wa shaba inayoegemea pini mbili. Waya huo umepakwa utando usiopitisha umeme. Kitabu kiliagiza ncha zote mbili zikwanguliwe utando wote. Ukifanya hivyo koili inatikisika kidogo halafu inasimama. Ncha moja hukwanguliwa yote, nyingine nusu tu, ili umeme ukatike kila koili inapogeuka. Karatasi ya kwanza ilikosea, ikakwama mezani, ikaandikwa upya. Zote mbili zilikuwa kwenye sanduku zimebanwa pamoja, na Mtanashati alikuwa amechapa ile iliyokwama.

"Uliitengeneza hii kabla ya kuichapisha?" Transfoma aliuliza.

Mtanashati alitazama sakafu. "Nilishakuona ukiitengeneza."

Hapo ndipo nilipomwona Transfoma akiumia kweli. Jina aliweza kulimeza. Lakini huyu alikuwa mwanafunzi wake, alimfundisha mwenyewe kwamba kitu hakiingii darasani kabla hujakishika, na sasa shule zote zisizo na maabara zingetengeneza mota isiyozunguka, na watoto wangeamini kosa ni lao. Nilimkanyaga mguu chini ya meza anyamaze, kijana aumbuke mbele ya nchi nzima. Hakunisikiliza. Alichukua waya na wembe, akamwonyesha polepole, koili ikazunguka.

Mtanashati alitoa simu, akaandika kila neno. "Asante, Dada. Nitaiweka kwenye toleo la pili." Akaaga kama siku zote, akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata walimu walikuja, ila mezani hapakuwekwa karatasi. Mmoja alisema amesahau yake nyumbani. Mwingine alikuwa nayo mkobani, pembe yake naiona, na mkoba hakuufungua. Walikunywa chai, wakalaumu mishahara, wakaondoka mapema. Wiki baada ya wiki walipungua, mpaka tukawa tunakaa wawili, fizikia na kemia.

Siku moja akabisha hodi mwalimu wa kike wa shule ya mbali, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa amesikia kwamba kuna sanduku. Kwao hakuna maabara wala umeme, na wiki ile alipaswa kufundisha mwanga, mikono mitupu. Nilitabasamu, maana Transfoma alikuwa na jaribio jipya la lenzi za miwani, nimelitengeneza mimi mwenyewe yeye akiwa kimya pembeni, na lilikuwa zuri ajabu. Alinyanyuka, akafungua kabati, akaishika ile karatasi. Halafu akasimama.

"Unaitaka ya nini?"

Mgeni alicheka kidogo, akidhani anataniwa. "Ya kufundishia, Mama."

"Na ukishafundisha, unaipeleka wapi?"

Mgeni alinitazama mimi, mimi nikatazama chupa zangu. Transfoma aliirudisha karatasi, akafunga kabati kwa ufunguo, akamwambia hapa hakuna kitu, akaulize dukani kuna kitabu. Mgeni akatuomba radhi kwa kutusumbua.