Mshona kofia wa kwenye sinema aliyepewa jina la babu yangu

Wakuu, heshima kwenu. Ninayoyaleta yametokea kwenye ukoo wangu, sijaongeza chumvi. Nimeyaandika na kuyafuta tangu asubuhi, maana nikikosea neno moja silali. Nivumilieni.

Mimi ni kijana wa Handeni. Sinema za kale nimejisomea mwenyewe kwenye simu, cheti sina. Nilikuwa nafanya research ya jinsi wahusika mashoga walivyoonyeshwa zamani: hawatajwi walivyo, wanapewa leso yenye manukato na mwendo wa madaha, ukumbi unacheka.

Najua kuna watakaoanza kutukana hapa hapa. Someni kwanza.

Bibi akaniambia niende Mombo kwa kaka yake, Babu Mhina, fundi cherehani. "Huyo sinema anazijua. Ila usimcheke."

Sikuelewa. Nikaenda.

Miaka ya Ujamaa babu alikuwa kijana, anawashonea wafanyakazi wa shamba la mkonge kule Korogwe. Jumapili mchana, kwenye klabu ya shamba, madirisha yanazibwa kwa magunia, inawekwa sinema ya Kizungu. Watu hawajui Kiingereza, kwa hiyo anasimama mtafsiri na kipaza sauti. Naye hajui sana. Akishindwa anatunga, na akitunga watu wanacheka. Ndiyo sifa yake.

Siku moja kwenye sinema akatokea mshona kofia, mpole, anampima bibi harusi kichwa kwa ncha za vidole.

Mtafsiri akatangaza: "Jamani, si Mhina huyu! Mhina, umefika lini Ulaya?"

Ukumbi ukalipuka. Babu alikuwa benchi la mbele, ubavuni kwake kaka wa mchumba wake.

Mwishoni mshona kofia akapigwa risasi. Wakapiga makofi. "Mhina kwisha!"

Posa ikavunjwa. Wanaume wakaacha kupimwa suruali kwake. Walipohamishiwa kijiji cha Ujamaa, nyumba zilikandikwa kwa msaragambo, leo kwangu, kesho kwako, wote mnashika udongo. Zamu yake ilipofika hakutokea mtu. Alikandika peke yake, mvua ikaibomoa, akahamia Mombo. Hakuoa.

Mtafsiri alizikwa na umati. Vichekesho vyake vinasimuliwa mpaka leo.

Babu alinieleza haya huku anakanyaga cherehani, hanitazami. Swali mlilonalo nyote nilikuwa nalo. Nikalimeza.

Yeye ndiye aliyeuliza. "Mjukuu wangu, wewe umezitazama nyingi. Watu kama yule, yupo anayefika mwisho wa sinema?"

Nikatafuta kichwani kwa makini yangu yote. Huyu kajinyonga. Yule kachomwa kisu. Mwingine kazama.

"Sijamwona, babu."

"Basi mimi nimewashinda," akasema, akageuza kitambaa, akaendelea.

Nilichojifunza: mwenye kipaza sauti hufurahi jioni moja, aliyetajwa hulipa umri mzima.

Kama kuna anayemjua hata mmoja, kwenye sinema ya zamani, aliyefika mwisho akiwa hai, aniwekee kwenye komenti. Babu amezeeka sana. Nataka nimpelekee.