Matanga Yaliyoteremka Mlima

Mwanangu, kila redio inapotangaza mvua ya hatari, nakumbuka siku moja huko Mururu, kijijini kwetu mlimani juu ya ziwa, nilipokuwa nimetoka chuo kikuu na shahada moja na viatu vyenye ncha kali. Nilidhani vyote viwili vitanifaa kwenye matope.

Asubuhi hiyo Mzee Antoine, mkuu wa kijiji chetu, alikuwa amepokea onyo kutoka wilayani: mvua kubwa na upepo vinakuja kabla ya jioni, na wote wanaokaa kwenye mteremko wahame. Yeye aliongeza maneno yake: atakayebaki, tutamtafuta kwa majembe chini ya udongo. Akanipa kipaza sauti, kwa kuwa nilijulikana kwa kuongea vizuri.

Nyumba iliyokuwa hatarini zaidi ilikuwa ya Maman Nabintu, muuza vitenge kutoka Bukavu. Mumewe alikuwa amezikwa juzi, na ua ulijaa waombolezaji wakizunguka moto wa matanga. Kwetu, moto ule hauachwi uzimike kabla ya siku zake, wala mjane hatoki kwenye ile nyumba. Na mtu mwenye adabu hataji kifo kipya mbele ya wafiwa. Basi nami, mwenye adabu yangu yote, nilisema kwamba viongozi wanawaomba wafikirie kuhama, ikiwezekana. Wakanishukuru. Wakanipa chai.

Niliposhuka, Mzee Antoine alitazama njia tupu nyuma yangu.

“Batu bako wapi?”

Nikamweleza jinsi nilivyolainisha maneno kwa heshima ya marehemu. Hakupandisha sauti.

“Ulijihurumia weye, si bale batu. Turudi.”

Tulipanda tena. Mawingu yalikwisha kulifunika ziwa lote. Mzee alimsalimia mjane, akampa pole, kisha akanigeukia na kuniambia niseme vile nilivyotumwa.

“Maman,” nilisema, “ukibaki hapa, tutakutafuta na majembe. Weye na batoto.”

Shemeji yake akacheka kwa hasira. “Huyu mutoto wa université anatuletea kifo kingine kwenye matanga.”

Maman Nabintu akanigeukia. Aliniuliza mimi, “Na bwana yangu, nimuache na nani?”

Mzee Antoine ndiye aliyesema kwamba ukumbi wa kanisa, kule chini kwenye tambarare, una nafasi ya kuwasha moto. Mjane aliutazama mteremko uliokuwa juu ya nyumba. Kisha akainama, akachukua kigogo kilichokuwa kikiwaka, akakifunika kwa kipande cha bati.

“Basi tunashuka na matanga yetu.”

Wakashuka kwa foleni, na mikeka, na sufuria ya maharage, na nyimbo za kilio, mvua ikianza kuwapiga mgongoni. Shemeji alikuwa wa mwisho, akinuna, amebeba jerikeni.

Kesho yake tulikuta udongo umelizoa jiko na migomba yote ya nyuma. Nyumba ilikuwa imesimama. Shemeji akaupiga ukuta kofi, akaniambia kwamba wangelala hapo bila shida. Wengine wakacheka, nami nikatamani kujificha.

Maman Nabintu alisimama pale lilipokuwa jiko, mahali ambapo wanawe walikuwa wakilala tangu wageni wa matanga wajae chumbani.

“Mvua ingine ikikuja,” aliniambia, “anzia kwangu. Na usipunguze neno.”

Sijapunguza tangu hapo, mwanangu, ingawa nimechekwa mara nyingi. Siku ukitumwa kuonya, lifikishe neno zima, hata kama litaharibu chai. Siku ukionywa wewe, usibishane na mlima. Beba usichoweza kukiacha, uondoke. Na nyumba ikibaki imesimama, shukuru, halafu uhame tena ukiambiwa.

Mungu akupe sauti isiyotetemeka, akupe na watu wa kukupokea. Kila mvua kubwa ikukute umekwisha kufika kwao, ukiwa mkavu, na watoto wako wote ukiwaona.