Sakafu ya Klabu ya Raketi

Klabu ile ya raketi pale Maskati ilijengwa enzi za Malkia Viktoria, na anayesema ilijengwa ovyo hajui kitu. Kuta nene, madirisha ya tao juu kabisa, roshani ya watazamaji, na mlango mfupi, kila mkubwa aliingia ameinama. Lakini mwaka 1969 sakafu ilikuwa imebonyea, mpira ukianguka haudundi. Msimamizi akatoa mwezi mmoja: itengenezwe, au jengo liwe ghala la saruji.

Thabit akaichukua kazi. Kwao Unguja alikuwa fundi sakafu, na klabu ya namna hii aliitunza miaka ishirini, akaipenda kama nyumba yake. Tangu akimbie na mkewe Nasriya mwaka 1964, alikuwa mchukuzi wa magunia. Mgeni kuku mweupe. Kila akijiita fundi, watu walicheka. Hapa ndipo angerudishiwa jina lake.

Akamwaga chokaa na kokoto, akawapa magongo vibarua wa Bakhit, mwashi wa mtaani. Wakapiga, kila mtu kwa wakati wake. Loo, mabonde matupu! Na kosa ni lake, fundi mzima: sakafu hupigwa kwa nyimbo, magongo yashuke pamoja. Nyimbo alikuwa nazo Nasriya. Lakini aliyekuwa akiziongoza ni Suud, kaka yake Nasriya, aliyeuawa siku za mapinduzi. Tangu hapo Nasriya hakuimba hata kumbembeleza mtoto. Angemwombaje?

Akaibomoa. Zimebaki siku kumi. Nyumbani mkewe akamuuliza ana nini, akamweleza habari za sakafu, nyimbo hakuzitaja.

Asubuhi akamkuta mlangoni pa klabu na wanawake wanne wa Unguja, kila mmoja na gongo lake. Wakainama, wakaingia. Nasriya akaanzisha kwa sauti iliyokauka, wenzake wakaitikia, magongo yakashuka kwa pigo moja. Siku tatu hivyo. Thabit alilainisha chokaa huku akilia bila kujificha, maana alijiona yuko kwao.

Wakaifunika kwa magunia mabichi mpaka ikashika. Siku ya kumi msimamizi akadundisha mpira, ukamrudia kifuani. Akasema habari ya ghala imekwisha, akamwita Thabit fundi mbele ya Bakhit na watu wake.

Thabit akatoka nje kumshukuru mkewe.

"Usinishukuru," Nasriya akasema. "Kaburi la Suud silijui liliko. Nnavyoona mimi, nimemzika humo ndani."