Kilindi cha Kihwele

Bibi yangu kule Tukuyu alikuwa na mbwa asiyeitwa. Jina alikuwa nalo, tena refu, la kuwasema majirani, kama mbwa wengi wa kwetu. Lakini akishaingia msituni kufukuza ngedere, bibi alikataza mtu kumwita. Alisema, "Ukiita jina, hujui ni nani mwingine amelisikia." Siku moja nikaita. Mdomo uliniwasha tu. Mbwa hakurudi. Bibi hakunichapa, alinitazama, akaendelea kumenya ndizi. Afadhali angenichapa.

Najua mbwa hana uhusiano na upimaji wa ardhi. Ila mdomo ni huuhuu mmoja.

Kazi niliianza miaka ya hamsini, masika yalipokwisha, kwenye kambi ya wapima ardhi upande wa chini ya Chimala. Nilikuwa na darasa la pili na nusu. Hiyo nusu ni kwa sababu mwalimu alihama. Siku ya kwanza nyapara, yaani msimamizi wetu, Mwislamu wa Iringa mjini ambaye babu yake alikuja na misafara ya pwani, alinitupia mnyororo wa chuma wenye pingili mia moja.

"Huu si wa kufungia ng'ombe," akasema. "Ukiulegeza, nchi inaongezeka. Ukiuvuta kupita kiasi, nchi inapungua. Sasa wewe Mnyakyusa, unataka kumdhulumu nani?"

Kazi yenyewe ilikuwa kufuata Mto Ruaha. Serikali ilitaka kujua vizuri Mbeya inaishia wapi na Iringa inaanzia wapi, na kipande kile walitaka mto ndio uwe mpaka. Mkubwa wetu, Bwana Mpima, alikuwa Mzungu mrefu mwenye darubini ya miguu mitatu na meza ya kuchorea. Mchana alichora kwa penseli, jioni alipitishia wino. Kila kona ya mto aliitakia jina. "Mahali bila jina hapana mahali," alikuwa akisema. Kwa kuwa nilijua Kisangu cha kuombea maji na Kihehe cha kugombania, nikafanywa mdomo wa msafara.

Majina tulipewa na Mzee Kihwele, mvushaji. Yeye alivusha watu kwa mtumbwi tangu ujana, na sisi alituongoza wiki nyingi bila mtu kumwambia hata ahsante. Kila kilindi, yaani pale maji yanapokuwa ya kina kirefu, alikitaja: Kilindi cha Semeni. Kilindi cha Mama Tuponile. Kilindi cha Mhindi wa Baiskeli. Mimi nikatafsiri, Bwana akaandika. Nilidhani ni wenye mashamba ya karibu. Sikuuliza. Mwenye mdomo mrefu huwa na masikio mafupi.

Basi adhuhuri moja tukafika penye kilindi kipana, cheusi. Matete yalikuwa yanatikisika lakini upepo hatukuusikia. Ndege hakuna. Jani moja la mkuyu lilikuwa likizunguka juu ya maji polepole, linakwenda mpaka katikati, kisha linarudi miguuni pa Mzee Kihwele. Nililiona likirudi mara tatu.

"Baba, hiki kinaitwaje?"

"Hiki bado."

"Bado nini?"

"Bado."

Bwana Mpima aligonga penseli mezani. "Jina!"

Nilikuwa na njaa. Halafu nikaona hapa ndipo pa kumlipa mzee wa watu fadhila. Nikasema, "Andika Kilindi cha Kihwele." Bwana akaandika. Nikageuka nikicheka: "Baba, nimekupa kilindi! Serikali imekuandika!"

Mzee alikuwa ameinama kuchota maji kwa kibuyu. Aliyamwaga yote yakarudi mtoni.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hao wote mliowaandika, umekutana na nani?"

Nikaanza kuwahesabu kwa vidole, nikakosa hata mmoja.

"Ni waliobaki humo. Kilindi hupewa jina na mtu wake. Hiki kilikuwa kinangoja."

Nyapara akanong'ona, "Inna lillahi," akarudi nyuma hatua mbili kutoka ukingoni.

Nilimwomba Bwana Mpima afute. Nilimwomba nimepiga magoti, sioni aibu kusema. Akacheka, wala si kwa ubaya. "Jina nzuri. Mzee nzuri. Kwa nini futa?" Jioni akapitisha wino. Nyapara akaniambia, "Penseli ni ya mtu, wino ni wa serikali. Siku nyingine ukisikia njaa, kula mkono wako."

Tangu siku ile Mzee Kihwele hakukanyaga mtumbwi. Kafi alimpa mpwa wake. Alituongoza mpaka karibu na Idodi, lakini kwa kupita mbali na ukingo, na maji alikunywa ya visima tu. Hakunikaripia hata mara moja.

Baadaye nilihamishiwa Boma la Mbeya, nikawa tarishi wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Kisha Iringa, kisha Mbeya tena, mpaka nikastaafu. Sasa nakaa nyuma ya soko la Mwanjelwa, kelele zake zinanifaa. Nilipostaafu nilirudi mara moja kule mtoni. Vijana wakanionyesha jiwe alipoteleza Kihwele. Alizama akivusha harusi, wakasema. Mmoja akadai babu yake alisikia ukelele. Nikawaambia hapana, mimi namjua, hakuzama pale. Wakanionea huruma, kama mnavyomwonea mzee. "Babu, mbona imeandikwa kwenye ramani?"

Haya, siku aliyoondoka mimi nilikuwepo.

Ramani ilikuwa imefika Boma kutoka kiwanda cha kuchapa, bado inanuka dawa. Mzee akaja, ametembea siku nne. Nikamwamkia, "Kamwene, baba." Akaitikia, akaomba aonyeshwe. Kusoma hakujua. Nikamwekea kidole chake juu ya jina.

"Hapa?"

"Hapa."

Akakifuta kidole kwenye shuka lake. Halafu akauliza mistari ya buluu ni nini. Vijito, nikamwambia. Akafuata mmoja kwa kidole kutoka milimani, ukamshusha mtoni. Akafuata mwingine. Ukamshusha mtoni.

"Nitafutie mahali ambapo maji hayaji hapa."

Nilitafuta, jamani. Nilitafuta mpaka macho yakauma. Mbeya yote iliyokuwa kwenye karatasi ile ilikuwa inateremka kwake.

"Labda nje ya karatasi, baba."

"Ukingo ulio karibu ni upi?"

Nikamwonyesha kwa dirisha, upande wa magharibi. Akachukua fimbo yake, akanishukuru, mimi huyu, akatoka. Alivuka uwanja wa Boma, akaukwepa mfereji wa maji ya mvua uliokuwa mkavu, akashika njia. Hakugeuka. Mdomo ulifunguka nimwite, nikaufunga kwa mkono.

Hakurudi.