Maswali Mawili ya Mwalimu Hamdani

Hamdani alikuwa amefundisha hesabu kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsimamisha mbele za watu ili amsifu. Si kwamba alikuwa mwalimu mbaya. Alizaliwa Kamembe, mtoto wa fundi cherehani aliyeshona kanzu na sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba, na tangu utoto wake aliona kwamba bidii ya mtu hupimwa kwa rundo la kazi lililo mbele yake. Kila asubuhi alipanda pikipiki hadi Nkanka, kwenye shule ya sekondari iliyo juu ya kilima. Ukisimama dirishani mwa darasa lake la kidato cha pili unaliona ziwa, na mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa hilo, ikirudi imefungwa mitatu mitatu.

Kila Ijumaa aliwapa wanafunzi maswali ishirini ya kufanya nyumbani. Ishirini kamili, yaliyojaza ubao wote. Wanafunzi waliyaita kwa Kinyarwanda, umukoro wa Hamdani, yaani kazi ya nyumbani ya Hamdani, na walilitamka jina hilo kwa sauti ya chini. Jumatatu alikusanya madaftari hamsini na manane, akayatia kwenye gunia, akaenda nayo nyumbani kuyasahihisha moja baada ya jingine kwa kalamu nyekundu.

Kwamba walinakiliana, alijua. Kosa moja lilikuwa likihama kutoka daftari hadi daftari kama mafua. Wiki moja mtu alisahau alama ya kutoa katika swali la saba, na wanafunzi thelathini na wanne wakaisahau pamoja naye. Hamdani aliwaza: hata anayenakili, mkono wake unaandika, na anayeandika hakosi kubakiwa na kitu kichwani.

Mwezi wa kwanza, siku ya mvua, alikuwa akiteremka njia ya udongo mwekundu na gunia lake begani. Mguu uliteleza. Ili kuyaokoa madaftari yasiingie kwenye tope, aliangukia mkono wa kulia, na mkono ukavunjika karibu na kiganja. Madaftari yaliingia kwenye tope vilevile.

Walimfunga plasta kutoka vidoleni hadi kiwiko. Mwalimu mwenzake wa jiografia, Karangwa, ambaye alikulia Bukavu na kurudi Rwanda na wazazi wake akiwa kijana, alimwambia apumzike.

"Kaa nyumbani, ndugu yangu. Batoto batakungojea."

Hamdani alikataa. Alirudi darasani baada ya siku tatu, lakini hakuweza kushika chaki wala kalamu. Maswali ishirini yangeandikwa na nani? Akatoa maswali mawili tu kila siku, kwa mdomo, tena akiyaeleza kwa Kinyarwanda na Kiswahili, maana kuyasema kwa Kiingereza cha kitabu bila kuyaandika kulimchosha. Kusahihisha hakuweza pia. Basi aliwaambia wanafunzi, "Ukikwama, andika pale ulipokwama. Kesho nitauliza." Na kila asubuhi aliuliza, kipindi kikaanza kwa dakika kumi za watu kusema walikwama wapi na kubishana.

Ilikuwa hivyo miezi miwili mizima. Kwa Hamdani hiyo ilikuwa miezi ya aibu. Alijiona kama mtu anayekwepa kazi, na kila mara mkuu wa shule alipopita karibu na dirisha alipaza sauti ili asikike anafundisha. Wanafunzi walifanya mtihani wa wilaya mwishoni mwa muhula akiwa bado na plasta. Plasta ilipotolewa, likizo ikapita, na muhula wa tatu ukaanza, alisimama mbele ya ubao akaandika maswali ishirini kwa mwandiko uliokuwa bado unatetemeka, moyo wake umetulia. Darasa lote lilishusha pumzi kwa pamoja. Yeye alidhani ni heshima.

Wiki ya pili ya muhula, mkuu wa shule, Madame Mukarugwiza, alimwita ofisini. Alikuwa na karatasi mkononi na alikuwa akitabasamu, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Mwalimu Hamdani, kaa. Matokeo ya wilaya yamefika. Kidato chako cha pili kimekuwa cha kwanza katika hesabu."

"Cha kwanza shuleni?"

"Cha kwanza wilayani."

Hamdani aliitazama karatasi. Akaona jina la shule, akaona namba moja kando yake, na bado hakuamini. "Madame, labda wamechanganya."

"Niliuliza hivyo hivyo. Hawakuchanganya. Na afisa wa elimu amewahoji wanafunzi wachache, wakamwambia ni kwa sababu ya kazi zako za nyumbani. Anataka uje Kamembe, mwezi ujao, uwaeleze walimu wa hesabu wa wilaya nzima njia yako."

"Njia gani, Madame?"

Mukarugwiza alicheka, akadhani ni unyenyekevu. "Hiyo hiyo. Andaa nusu saa."

Alitoka ofisini akasahau kufunga mlango. Njia gani? Ikiwa ni maswali ishirini, mbona miaka kumi na mmoja hayakumtoa mkiani? Ikiwa ni muhula wa plasta, hiyo haikuwa njia, ilikuwa ajali. Angesimama vipi mbele ya watu kuwaambia kwamba alifaulu siku alizoshindwa kufanya kazi yake?

Aliamua kuwauliza wenyewe. Alianza na Umutoni, msichana wa dawati la mbele, aliyekuwa akipata alama za katikati na sasa alikuwa juu.

"Ni kwa sababu yalikuwa mawili, Mwalimu," Umutoni alisema bila kufikiri. "Yakiwa ishirini, nikirudi kuchota maji na kupika nachoka, nanakili. Yakiwa mawili naona haya kunakili."

Hamdani aliandika: uchache. Akaona mambo yamekwisha. Kisha akamwuliza Niyonsenga, kijana mrefu wa nyuma.

"Uchache? Hapana, Mwalimu. Ni kwa sababu ulikuwa unasema kwa lugha yetu. Kwenye ubao mimi huwa sielewi swali lenyewe linataka nini. Hesabu si ngumu. Swali ndilo gumu."

Akaandika: lugha. Siku iliyofuata alimwuliza Gasaro, ambaye alikuwa ametoka alama ishirini hadi sitini na tano, mruko mkubwa kuliko wote.

Gasaro aliangalia viatu vyake. "Nikisema ukweli hutakasirika?"

"Sitakasirika."

"Sikufanya hata moja. Muhula mzima. Nilikuwa nawasikiliza tu asubuhi wakibishana walipokwama."

Hamdani hakukasirika, alichanganyikiwa tu. Mtoto aliyepanda zaidi kwa sababu ya kazi za nyumbani ni yule ambaye hakuzifanya! Alikaa kwenye chumba cha walimu, kalamu juu ya karatasi, asijue aandike neno gani.

Jioni hiyo, akiteremka kwenda kutafuta pikipiki, alipita kwa mama yake Niyonsenga, Mukansanga, aliyekuwa akianua sambaza kwenye vichanja karibu na ziwa. Mama alimwona akasimama, akajipangusa mikono kwenye kitenge.

"Mwalimu, karibu. Nilikuwa nataka kukuuliza. Mbona uliacha kututumia kazi?"

"Kuwatumia nani, Maman?"

"Sisi ba nyumbani. Ile wakati mkono ulikuwa umevunjika, mutoto alikuwa anasema, Mwalimu amesema nikueleze mpaka uelewe. Mimi sikusoma, lakini alikuwa ananieleza kila siku. Nikisema sielewi, anaanza upya. Tulikuwa tunacheka sana. Sasa anaandika peke yake, ameinama, hata kusema hasemi."

Hamdani hakukumbuka kusema jambo hilo. Alifikiri njia nzima. Mwishowe, akiwa tayari amepita uwanja wa ndege, likamjia: siku moja mkono ulikuwa unamuuma, wanafunzi wakamuuliza nani atasahihisha, naye akajibu kwa hasira kidogo, "Mweleze mtu wa nyumbani. Akielewa, umepata. Asipoelewa, rudia." Alikuwa anawafukuza tu. Kumbe wengine walilichukua kama agizo.

Sasa alikuwa na sababu nne, na hazikukaa pamoja. Lakini yeye ni mtu wa hesabu, na mtu wa hesabu anajua la kufanya: badilisha kitu kimoja, vingine uviache palepale. Alijipa wiki tatu. Wiki ya kwanza alitoa maswali mawili, ameyaandika ubaoni kwa Kiingereza, akayasahihisha mwenyewe. Wiki ya pili alitoa ishirini kwa mdomo, na kuyasema tu kukamaliza kipindi kizima, hadi sauti ikakauka na mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza kama kuna tatizo. Wiki ya tatu aliviunganisha: mawili, kwa lugha ya nyumbani, na agizo la kumweleza mtu. Kila Ijumaa aliwapa jaribio dogo.

Wiki ya tatu ilishinda kwa mbali. Hamdani alikaribia kupiga makofi. Kisha akakumbuka kwamba mada ya wiki hiyo ilikuwa rahisi kuliko zile mbili, na kwamba mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, nusu ya darasa haikuja, na waliokuja ndio wale wanaojitahidi siku zote. Akaipindua karatasi ya alama, akaipindua tena.

"Uko unatafuta nini?" Karangwa alimuuliza.

"Natafuta nilichofanya."

"Weye ulivunja mukono. Ndiyo ile ulifanya."

Siku ya mkutano, walimu wapatao arobaini walikaa kwenye ukumbi mmoja mjini Kamembe. Wengine walitoka mbali, hata Bweyeye kando ya msitu wa Nyungwe, wakiwa na tope kwenye viatu. Afisa wa elimu alimtambulisha Hamdani kwa maneno mengi mazuri. Hamdani alikuwa na karatasi mfukoni yenye vichwa vinne vya habari, na kila kimoja kilikuwa na alama ya kuuliza. Hakuitoa.

"Mimi," alianza, "nilianguka na madaftari yenu... yaani, na madaftari yangu." Watu wakacheka. Akaona afadhali aseme kila kitu. Akaeleza gunia, plasta, maswali mawili, hasira yake, Umutoni, Niyonsenga, mama wa sambaza, Gasaro ambaye hakufanya hata swali moja. Akaeleza wiki zake tatu na mvua iliyoziharibu. "Kwa hiyo nimeitwa niwaeleze njia yangu," alimalizia, "na mimi siijui. Najua tu kwamba ile ya zamani, niliyoiamini, haikuwa inawafikia."

Mtu mmoja wa nyuma akauliza, "Sasa tufanye nini, tuvunje mikono?" Kicheko kikapita. Afisa akaitazama saa yake.

Ndipo mwalimu mmoja wa makamo, Mukamusoni, akasimama. Ni yeye aliyetoka Bweyeye. "Wanafunzi wangu wengine wanatembea saa mbili kurudi kwao," alisema. "Wakifika ni giza, na taa hakuna. Yawe mawili, yawe ishirini, hawayaoni. Mimi nifanyeje?"

Hamdani alisogea hatua moja mbele. "Sijui, Madame. Umejaribu nini?"

Mukamusoni alisema kwamba huwapa swali moja tu, la kwenda wakilisema njiani, kwa kuwa wanatembea kwa makundi, na asubuhi kila kundi linatoa jibu lake. Hakuwahi kumwambia mtu, maana hakudhani hilo linaitwa kazi ya nyumbani. Mwalimu mwingine akasema yeye huwaacha waanze swali la kwanza darasani, ili asiwepo anayekwenda nyumbani bila kujua pa kuanzia. Mwingine akapinga. Ile nusu saa ikawa saa mbili, na Hamdani alisahau kwamba yuko mbele ya watu. Alikaa kwenye kiti cha karibu, akawa anaandika wanayosema.

Aliondoka Kamembe kichwa kimejaa kuliko alivyokuja nacho.

Wiki mbili baadaye Karangwa alimletea nakala ya ripoti ya mkutano, akaisoma kwa sauti, akisherehekea kila neno. Iliandikwa kwamba Mwalimu Hamdani aliwasilisha njia yenye hatua tano. Hamdani aliichukua akazihesabu. Zilikuwa tano kweli, zimepangwa vizuri, na ya nne hakuwahi kuisikia popote.

Hakurudi kwenye ishirini. Alitoa mawili, mara nyingine matatu, akiyaeleza kwanza kwa lugha ya nyumbani kisha akiyaandika kwa Kiingereza kama yatakavyokuja kwenye mtihani. Kusahihisha madaftari yote aliacha. Kila siku alichagua manane, akayasoma kwa makini. Wanafunzi walianza kumzoea. Matokeo ya mwisho wa mwaka yalipotoka, darasa lake lilikuwa la nne wilayani. Madame Mukarugwiza alisema ni vizuri sana. Hamdani alikaa akijiuliza kama ameshuka kutoka la kwanza, au kama amepanda kutoka mahali alipokuwa miaka kumi na mmoja.

Mwaka mpya wa masomo ulileta kidato cha pili kingine, nyuso nyingine. Wiki ya kwanza tu, katika yale madaftari manane, alikuta la msichana mmoja mgeni aitwaye Mugwaneza. Maswali yote mawili alikuwa amekosa tangu mstari wa kwanza. Chini yake, mahali pa kuandika ulipokwama, kwa mwandiko safi kabisa, alikuwa ameandika: "Sikukwama popote."

Hamdani aliusoma mstari huo mara tatu. Aliyekwama anaweza kusaidiwa pale alipokwama. Lakini huyu, aliyetembea njia yote bila wasiwasi akafika mahali sipo, utamwanzia wapi? Akaacha chai yake ikapoa, akatoka uani kumtafuta.

"Mugwaneza," alisema alipomwona, "njoo unieleze ulivyofanya. Nieleze mpaka nielewe."